Kigeuze Utazame Chini: Vyombo vya Maua vya Kale vya Ujapani



Mtu asiyejua vyombo hutazama maua yaliyochorwa ubavuni, akasema: "Kizuri!" Mtu ajuaye hukishika kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, akatazama chini. Sisi tulijifunza tofauti ya watu hao wawili kwa fedha zetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa masomoni Ulaya, tulipita asubuhi moja katika soko la vitu vya kale. Juu ya meza mojawapo palisimama mtungi wa maua, urefu wake kama mkono toka kiwiko hata ncha za vidole, umepambwa kwa ndege, maua na dhahabu nyingi. Chini yake palikuwa na msalaba ndani ya duara, na maneno ya Kiingereza "Royal Satsuma", yaani Satsuma ya kifalme. Mwuzaji alisema ni kazi ya Ujapani yenye umri wa miaka mia moja na hamsini. Tukatoa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya vitabu vya muhula mzima, tukaubeba mtungi nyumbani kama mtu abebaye mtoto mchanga.

Baada ya siku chache tulimwonyesha mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mtunzaji wa vyombo katika nyumba ya makumbusho. Hakutazama ndege wala maua. Aligeuza mtungi, akasoma, akaurudisha mezani. "Kijana wangu," akasema, "mfinyanzi wa Satsuma wa zamani hakuwa na haja ya kujiita wa kifalme kwa Kiingereza. Mitungi yenye maneno haya imetoka Uchina, tangu miaka ya 1970 na kuendelea." Tuliona haya. Alama ile ile iliyotushawishi ndiyo iliyokuwa ikitoa ushuhuda, nasi hatukujua kuisoma.

Siku hizi vitu vya kale huuzwa minadani, masokoni, hata kwa njia ya simu, na wenzetu wengi wamo katika biashara hiyo, hasa wale wakaao Ulaya. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza tuliyojifunza tangu siku ile.

MAWE MEUPE YA ARITA

Katika Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ujapani, upo mji mdogo uitwao Arita, katikati ya vilima. Hapo kale Wajapani walikuwa mafundi hodari wa vyombo vya udongo, lakini kauri nyeupe hawakujua kuitengeneza. Waliipata kwa Wachina na Wakorea. Kati ya mwaka 1592 na 1598 mtawala wao Toyotomi Hideyoshi alipeleka majeshi kuishambulia Korea. Vita hivyo havikumpa nchi aliyoitaka. Lakini mabwana wa Kyushu walirudi na wafinyanzi wa Kikorea, ambao wengi wao walichukuliwa mateka.

Mapokeo ya Arita yasema kwamba mmoja wa wafinyanzi hao, Yi Sam-pyeong, aligundua mawe meupe katika mlima wa Izumiyama mwaka 1616. Mawe hayo yakasagwa, yakawa udongo, na kwa udongo huo ikafinyangwa kauri ya Ujapani. Leo watu wa Arita humheshimu mgeni huyo katika hekalu lao, ambalo hata lango lake ni la kauri, na mwaka 2016 waliadhimisha miaka 400 ya kazi yao. Yafaa tukumbuke jambo hilo tunapousifu mtungi wa Arita: uzuri wake ulianzia mikononi mwa watu waliong'olewa kwao.

Hapa tuseme wazi tofauti ya kauri na chombo cha udongo wa kawaida. Kauri huchomwa kwa moto mkali sana, nyuzi 1,300 hivi za sentigredi. Hutoka ngumu, nyeupe, na penye wembamba mwanga wa taa hupenya. Chombo cha udongo wa kawaida huchomwa kwa moto mdogo zaidi, wala hakipitishi mwanga. Vyote viwili hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya kioo, ambayo hupakwa kama uji mwepesi kabla ya kuingia tanurini na kuyeyuka motoni.

IMARI NI BANDARI TU

Wengi husema "mtungi wa Imari" wakidhani kwamba mtungi ulifinyangwa Imari. Sivyo. Imari ni bandari iliyo karibu na Arita, ambamo bidhaa zilipakiwa. Jina la bandari likawa jina la vyombo, kama vile watu waitavyo bidhaa kwa jina la soko walikoinunua.

Kwanza wafinyanzi wa Arita walichora kwa buluu ya kobalti peke yake, chini ya ngozi ya kioo. Katika miaka ya 1640 walianza kuongeza nyekundu, kijani na manjano juu ya ngozi hiyo, na kukichoma chombo mara nyingine kwa moto mdogo. Sifa ya ufundi huo hupewa Sakaida Kakiemon, ambaye jina lake limerithiwa na wakuu wa jamaa yake hata siku zetu. Vyombo viitwavyo Kakiemon vina weupe kama wa maziwa, na picha chache zilizoachiwa nafasi ya kupumua. Vile viitwavyo Imari kwa kawaida hujazwa buluu, nyekundu na dhahabu kila mahali.

Mwaka 1644 ufalme wa Ming ulianguka huko Uchina, na vita vikavuruga biashara ya kauri ya Wachina. Waholanzi, ambao tangu mwaka 1641 walikaa katika kisiwa kidogo cha Deshima kule Nagasaki, ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Ujapani. Basi wakageukia Arita. Mwaka 1659 kampuni yao iliagiza vipande zaidi ya 50,000 kwa mara moja. Mizigo hiyo ilivuka bahari, mingine ikazunguka Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema, ikafika katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Huko mitungi ilipangwa juu ya meko, mara nyingi mitano pamoja.

Tamaa ya kauri iliwafikisha wakuu mahali pa ajabu. Mwaka 1717 August, mtawala wa Saxony, alimpa mfalme wa Prussia askari 600, naye akapewa vipande 151 vya kauri ya Kichina. Askari hao hawakuulizwa neno. Mitungi mikubwa iliyokuwa kati ya vipande hivyo ingali yajulikana kwa jina la askari wale wa farasi. Mkusanyaji wa vitu vizuri na ayakumbuke hayo, asije akapenda chombo kuliko mtu.

Hata mwisho wa karne ya 17 Wachina walirudi sokoni, wakaiga rangi za Imari ili wauze kwa bei ndogo. Wazungu nao, walipofungua kiwanda cha kauri huko Meissen karibu na Dresden katika mwaka wa 1710, wakaiga mitindo ya Kijapani. Hivyo buluu, nyekundu na dhahabu peke yake si ushahidi kwamba chombo kimetoka Ujapani.

SATSUMA YA KWELI NA SATSUMA YA JINA

Satsuma ni jimbo la kale la kusini mwa Kyushu, lililotawaliwa na ukoo wa Shimazu. Huko pia wafinyanzi wa Kikorea waliletwa baada ya vita vya Hideyoshi. Vyombo vya Satsuma vijulikanavyo na Wazungu si kauri. Ni vya udongo wenye rangi ya meno ya tembo, na ngozi yake ya kioo imejaa nyufa ndogo ndogo kama wavu wa buibui. Nyufa hizo si ubovu. Zatokea chombo kipoapo.

Mwaka 1867 Satsuma ilipeleka vyombo vyake kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na mwaka 1873 Ujapani ilishiriki katika maonyesho ya Vienna. Wazungu na Wamarekani walivipenda mno. Baada ya muda vyombo vya mtindo wa Satsuma vilikuwa vikichorwa Kyoto, Osaka na Yokohama kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Mafundi wengine walikuwa stadi kabisa: Yabu Meizan wa Osaka alichora watu na vipepeo wadogo kiasi cha kuhitaji kioo cha kukuzia. Wengine walichora haraka haraka, wakajaza dhahabu ili kuficha uchache wa kazi.

Alama ya ukoo wa Shimazu ni msalaba ndani ya duara. Wachoraji wa miji yote hiyo waliitia chini ya vyombo vyao, na baadaye waigaji wa nchi nyingine wakaitia vilevile. Kwa hiyo alama hiyo yasema tu, "Mimi ni wa mtindo wa Satsuma." Haisemi ilichorwa wapi, wala lini, wala na nani.

ALAMA ZA CHINI

Je, alama hazina faida? Zina faida, lakini yatupasa kuzipokea kama hakimu apokeavyo maneno ya shahidi: ayasikilize, kisha ayapime.

Alama za Kijapani husomwa toka juu kwenda chini, na mistari huanzia kulia. Maneno "Dai Nippon", yaani Ujapani Mkuu, yakiandikwa kwa herufi za Kijapani, mara nyingi yaelekeza kwenye enzi ya Meiji, iliyodumu toka mwaka 1868 hata 1912. Neno "Kutani" kwa rangi nyekundu ni la jimbo la Kaga. Huko matanuri yalianza karibu na mwaka 1655, yakazimika baada ya nusu karne hivi, yakafufuliwa katika karne ya 19. Vyombo vingi vyenye jina hilo ni vya wakati wa ufufuo huo au baada yake.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika 1891, iliagiza kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Ndiyo maana vyombo vingi vilivyopelekwa huko vina neno "Nippon" kwa herufi za Kizungu. Toka mwaka 1921 Wamarekani walitaka liandikwe "Japan". Chombo kikiandikwa "Occupied Japan", ni cha wakati ambapo Ujapani ilikuwa chini ya majeshi ya washindi wa vita, kati ya 1945 na 1952. Lakini tusigeuze kanuni hiyo kichwa chini. Chombo kisicho na jina la nchi si lazima kiwe cha kabla ya 1891. Vyombo vilivyouzwa nchini Ujapani kwenyewe havikuhitaji jina hilo, na karatasi ya jina iliyobandikwa huanguka.

Lipo fumbo jingine. Vyombo vingine vya Arita vya karne ya 17 na 18 vina jina la Chenghua, mfalme wa Uchina aliyetawala toka 1464 hata 1487. Wajapani waliliandika kwa heshima ya kazi ya Wachina, na pengine kwa kupendeza wanunuzi. Asomaye alama tu atasema: "Hiki ni cha Uchina, cha miaka mia tano." Atakuwa amekosea nchi na karne pia.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Twawapa sasa utaratibu ambao sisi wenyewe twaufuata.

Kwanza, omba ruhusa ya kushika. Vua pete, weka kitambaa mezani, shika mtungi kwa tumbo na kitako, kamwe si kwa shingo wala masikio. Shingo na masikio vyaweza kuwa vimegandishwa kwa gundi.

Pili, gonga polepole kwa ukucha. Mama zetu wafanya hivi hivi sokoni wanunuapo vyungu, wala hakuna aliyewafundisha shuleni. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo. Yenye ufa hutoa sauti bubu. Vyombo vya Satsuma, kwa kuwa si kauri, havilii sana, basi usivilaumu.

Tatu, geuza utazame kitako. Pete ya kitako ambayo haikupakwa kioo huonyesha udongo wenyewe. Kwenye vyombo vingi vya Arita, hasa sahani kubwa, utaona vidoa vidogo mahali ambapo vijiti vya udongo vilizuia kitako kisilegee motoni. Wachina kwa kawaida hawakufanya hivyo. Tazama na uchakavu pia. Chombo kilichosogezwa mezani miaka mingi huwa na mikwaruzo myembamba ya kila upande, mingine ya kale, mingine ya juzi. Mikwaruzo yenye kwenda upande mmoja na uchafu utokao kwa kidole kilicholowa ni kazi ya mtu anayetaka kukudanganya.

Nne, tazama picha kwa kioo cha kukuzia. Mkono wa mchoraji haulingani siku zote: hapa rangi imejikusanya, pale imekonda, jani moja si pacha wa jani la pili. Picha iliyobandikwa kwa karatasi hurudia mamoja kwa mamoja, mara nyingine ina vitone vidogo, au mstari mahali karatasi mbili zilipokutana. Lakini hata hapo tuwe na kiasi. Katika enzi ya Meiji Arita yenyewe ilitumia karatasi zilizotobolewa ili kutoa vyombo vya bei ndogo. Vyaweza kuwa vya kale, ila havina thamani kubwa. Tazama pia buluu yake. Mwaka 1870 Mjerumani Gottfried Wagener alifika Arita akafundisha matumizi ya kobalti iliyotengenezwa kwa kemia. Buluu hiyo ni kali zaidi kuliko buluu tulivu ya mababu.

Tano, tazama dhahabu. Dhahabu ya kale huwa na mng'ao mpole, nayo imefifia mahali mikono iliposhika. Ikiwa yang'aa kama kioo cha kujitazamia kila mahali, jihadhari.

Sita, tafuta matengenezo. Wajapani wana ufundi wa kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu wa mti wa urushi, kisha kuutia unga wa dhahabu juu ya kiungo. Hawafichi jeraha, bali waliacha lionekane, na chombo huheshimiwa vivyo hivyo. Lakini wapo waungao kwa gundi na kupaka rangi juu, ili mnunuzi asijue. Mbele ya taa ya mwanga wa urujuani mahali hapo mara nyingi hung'aa tofauti. Chombo kilichotobolewa kitako kiwe taa ya umeme nacho kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Mwisho, uliza habari za chombo. Kina mwenzake? Mitungi mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya ilikuwa miwili miwili. Kina sanduku? Kule Ujapani vyombo vyema huwekwa katika sanduku la mbao lenye maandishi ya fundi. Usilitupe hata likiwa chakavu. Wengi wamechoma kuni iliyokuwa cheti cha chombo chao.

Na ukishakipata, kitunze. Usikioshe kwa maji ya moto wala kukisugua kwa mchanga au dawa kali, maana rangi na dhahabu zilizo juu ya ngozi ya kioo hutoka. Kitambaa laini na maji ya uvuguvugu vyatosha. Chenye kiungo usikiloweke kabisa.

MAARIFA NA HAKI

Mtu akisha kujifunza hayo, anapata jaribu jipya ambalo mjinga hana. Kesho ataingia katika nyumba ya mjane, ataona juu ya kabati mtungi wa Arita ambao mjane awekea miavuli. Mjane atasema: "Nipe chochote." Afanye nini?

Wako wasemao kwamba maarifa ni mtaji, na asiyejua alipe ujinga wake. Sisi hatukubali. Tulikwisha kuwa upande wa asiyejua, twajua ladha yake. Mnunuzi ana haki ya faida halali kwa kazi yake ya kujifunza, lakini hana haki ya kunyamaza mbele ya mtu amwaminiye. Na amwambie: "Mama, hiki ni cha thamani, tukipeleke kwa mjuzi kwanza." Akipoteza faida ya siku moja, atapata jina jema, na milango mingi itamfungulia.

Huko Arita, katika makumbusho ya kauri ya Kyushu, umewekwa mkusanyiko uitwao Shibata, vipande zaidi ya 10,000. Mume na mke waliukusanya, kisha wakautoa zawadi, ili kila mtu aone jinsi kauri ya Arita ilivyobadilika toka kizazi hata kizazi. Vipande vingine si vya fahari. Ni sahani za kulia chakula. Lakini vikipangwa kwa utaratibu wa miaka vyafundisha kuliko mtungi mmoja wa dhahabu uliofungiwa chumbani. Huo ndio ukusanyaji tunaousifu.

Na mtungi wetu? Mwaka uliofuata rafiki mmoja aliuona, akaupenda, akataja bei kubwa kuliko tuliyotoa sisi. Fedha za vitabu zingerudi, tena na ziada. Hatukujibu mara moja, twaungama. Kisha tukaushika kwa mikono miwili, tukaugeuza mbele yake, tukamwonyesha maneno yale na kumweleza maana yake. Alicheka, akarudisha fedha mfukoni.

Hata leo umesimama juu ya meza yetu ya darasani, na wanafunzi hutia maua ndani yake. Ndio huanza nao somo hili: mmoja huitwa mbele, augeuze, asome chini.